Picha ya Mtaa wa Ekow

Rafiki yangu Ekow wa Cape Coast alinisimulia haya macho yakiwa chini. Kundi lake la wapiga picha mtandaoni lilimtaka kila mwanachama apige picha ya mtaa wake. Kwa uvivu, Ekow akatuma picha iliyopigwa na marehemu mwalimu wake, akadai ni yake.

Wakamsifu, kisha mmoja akamtania: "Kaka, umeanza lini kutembelea mkongojo?"

Pichani, barabarani, kivuli cha mpiga picha kilikuwa kimeegemea mkongojo.

Ekow akaifuta kwa aibu, akatoka kupiga yake mwenyewe. Nyuma yake kukasikika ngo, ngo, ngo. Akageuka, hapakuwa na mtu.

Kwenye picha mpya vivuli vilikuwa viwili, na chenye mkongojo kilimshika mwenzake begani.