Sauti ya Kaka Iliyokwama Mwisho wa Mstari

"Umemuua mwanangu mara ya pili!"

Mama alinirushia kikopo cha dawa. Kikanipiga begani, vidonge vikatawanyika sakafuni… Jamani, mama yangu mzazi!

Ngoja niwape kisa chenyewe, maana mwenzenu hadi leo nikisikia spika inakoroma nashtuka.

Kaka yangu alikuwa mtu wa kompyuta. Mama ni mgonjwa wa moyo, na dawa hazipendi hata kidogo. Basi kaka akafunga kikompyuta kidogo juu ya kabati la vyombo. Kila asubuhi kinatoa sauti yake aliyoirekodi mwenyewe:

"Mama yangu, kumekucha! Dawa kwanza, chai baadaye."

Alfajiri moja kaka akasafiri kikazi… akafia njiani, ajali.

Tukazika jioni ile ile. Asubuhi iliyofuata, nyumba bado imejaa waombolezaji, tukasikia juu ya kabati:

"Mama yangu, kumekucha!"

Weee! Shangazi alitoka mbio bila viatu. Mama akanyanyuka taratibu, akameza dawa.

Tangu siku hiyo hakukubali kuhimizwa na mtu mwingine. Na mlango akawa hautii komeo usiku. Ukimuuliza…

"Aliondoka bila kuniaga. Atarudi aniage."



Sasa daktari akabadilisha saa ya dawa. Nikajitia ujuzi! Nikachukua faili la maagizo, lile linalokiambia kikompyuta kitoe sauti gani na saa ngapi, nikalifungulia kwenye laptop yangu, nikabadilisha saa, nikalirudisha.

Asubuhi… kimya.

Nikawasha kioo cha kikompyuta. Kimeandika: hakuna faili kama hilo.

Hakuna vipi? Faili la sauti ya kaka nililiona kwa macho yangu! Jina lile lile, mahali pale pale. Nikahisi kama kaka amesimama nyuma yangu na mashine inakataa kumtambua.

Mama akagoma dawa. Siku ya kwanza, ya pili… miguu ikaanza kuvimba. Nilipomsihi ndipo kikopo kikaruka.

Nikampigia rafiki wa kaka kazini, tunamwita Fundi Miwani.

"Dada, ulilifungulia kwenye Windows?"

"Ndiyo."

"Basi hapo hapo! Windows ikimaliza mstari inaacha alama mbili. Kikompyuta cha kaka kinatumia mfumo mwingine, Linux, kinajua moja tu. Ile ya ziada wewe huioni, ila chenyewe kinaisoma kama sehemu ya jina. Kinatafuta kitu ambacho hakipo."

"Kwa hiyo sijamfuta?"

"Hujamfuta. Nitumie faili, na nakala ya zamani kama unayo."

Nilikuwa nayo. Aliponipigia tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Dada… kwenye nakala ya zamani mistari yote ni safi, isipokuwa wa mwisho, una ile alama ya ziada. Kaka aliuongeza hapa ofisini, kwenye Windows, siku moja kabla ya safari. Nilikuwa naye. Haujawahi kufanya kazi."

"Unasema nini?"

"Unaita sauti nyingine. Sijaisikia, si yangu kuisikia. Nimesafisha alama zote. Sikilizeni wenyewe."

Nikalirudisha faili kwenye kikompyuta. Asubuhi nikakaa na mama mezani.

"Mama yangu, kumekucha! Dawa kwanza, chai baadaye."

Mama akacheka huku analia. Akanyoosha mkono kuchukua kikopo.

Spika ikakoroma…

"Leo nimetoka alfajiri, mama. Ulilala vizuri, sikutaka kukuamsha. Ndiyo nakuaga hivi. Nikichelewa, usinisubiri na mlango wazi. Funga, ulale."



"Kumbe aliniaga," mama akanong'ona.

"Alikuaga, mama."

Akameza dawa. Akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Huo mstari wa mwisho utoe, mwanangu. Nimeshausikia."

Jioni hiyo, nikiwa jikoni, nikasikia komeo linaingia mahali pake. Nikaketi sakafuni nikamlilia kaka yangu, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Ndugu zangu, kabla hamjaapa kwamba mtu aliondoka bila neno, chunguzeni kwanza. Huenda alisema, na neno lake limekwama njiani kwa kitu kidogo ambacho hakionekani kwa macho.