Kopo la Maharage ya Bibi

Masomo yalipokwisha, Bi Maswali hakwenda nyumbani. Aliingia lango la chuo cha kilimo, akampungia mlinzi mkono, akanyoosha moja kwa moja hadi ofisini kwa mama yake. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu tangu ajue kusema hajaacha jambo lipite bila kuliuliza. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na maswali yake aliyaandika kwenye daftari kama karani wa mahakama.

Ofisi ilikuwa vurugu tupu. Zilibaki siku nane tu kabla ya mkutano wa kimataifa wa kilimo na usalama wa chakula barani Afrika, na mama ndiye aliyekuwa mratibu. Meza ilijaa bendera ndogo, vitambulisho vya kuvaa shingoni na orodha ya wageni mia tatu kutoka nchi kumi na nne.

"Wakalimani wanne, si watatu!" mama alikuwa akisema kwenye simu. "Mgeni asipoelewa lugha atasinzia tu, halafu tuseme tumekutana!" Alipomwona binti yake aliiziba simu kwa kiganja. "Mwanangu, kopo liko salama?"

"Liko salama, mama."

Ndani ya kopo hilo mlikuwa na maharage mekundu yenye mabaka meupe. Mbegu yake ilitoka kwa bibi, mama yake mama, aliyeitunza miaka mingi kwa sababu ilikomaa hata mvua ikiwa chache. Hakuna duka lililoiuza. Bibi aliligawia darasa la Bi Maswali mbegu yote, akajibakizia chupa moja ndogo. Wanafunzi walipanda, wakavuna, na sasa kila mgeni angepewa kifuko chenye punje kumi akapande kwao.

Kazi ya kukausha alipewa Bi Maswali, na juu ya kopo aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Zimekaushwa kivulini, siku nne.*

Hapo palikuwa na kasoro kidogo. Siku ya pili aliyaacha maharage uani akaenda kuruka kamba, na mvua ikayanyeshea yote. Kwa kumwogopa mama, aliyatia kwenye sufuria, akayakausha jikoni juu ya moto huku akiyageuza mpaka yakang'aa. "Kavu ni kavu," alijiambia. Hakumwambia mtu.

Kopo liliwekwa kwenye ghala la mbegu la chuo, chini ya uangalizi wa mtunza ghala. Huyu waliyemwita Bwana Kimya alikuwa mtu wa maneno machache, na ufunguo ulining'inia mkandani mwake kutwa.

Siku hiyo Bi Maswali alifungua kopo akashtuka. Wiki iliyopita maharage yalifika ukingoni, na sasa yalikuwa yamepungua vidole viwili.

"Panya huyo," alisema rafiki yake wa dawati moja, msichana mrefu waliyemwita Twiga.

"Panya gani anayefungua kifuniko akala, halafu akakifunga tena?"

Siku iliyofuata aliweka uzi mwembamba juu ya kifuniko. Kesho yake uzi ulikuwa sakafuni. Basi Bi Maswali akajibanza nyuma ya dirisha la ghala, akachungulia. Bwana Kimya alitazama huku na huku, akafungua kopo, akachota maharage kidogo, akayafunga ndani ya kitambaa cheupe. Kisha akakisukumia kitambaa kabatini na kulifunga kwa ufunguo.

Bi Maswali alizunguka akaingia mlangoni kama aliyefika sasa hivi. "Shikamoo, Bwana Kimya."

"Marahaba."

"Mchana umekula nini?"

Mzee akamkodolea macho. "Maharage."

"Ya wapi?"

"Ya sokoni."

Ya sokoni! Bi Maswali aliandika jibu hilo daftarini na kulipigia mstari mara mbili. Twiga alipolisoma alikuna kichwa. "Lakini kiganja kimoja kimoja, mtu atashiba vipi? Muulize kwanza."

"Mwizi akikuambia mimi ni mwizi, umewahi kusikia wapi?"

Ijumaa kamati ya mkutano ilikaa ofisini kwa mama: mwalimu mkuu, mpishi mkuu na mkuu wa itifaki. Walikuwa wakibishana nani aketi mbele. Bi Maswali akaingia na daftari lake.

"Mama, maharage ya bibi yanaibwa. Mwizi ni Bwana Kimya. Nimemwona kwa macho yangu!"

Mama aliweka kalamu chini. "Unajua maneno hayo yanaweza kumtoa mtu kazini?"

"Najua."

Bwana Kimya aliitwa. Alisikiliza tuhuma hadi mwisho, akatoka, akarudi na sinia. Juu yake palikuwa na vitambaa vitano vyeupe, vyenye unyevu. Akakunjua cha kwanza. Maharage ya mabaka yalikuwa yamevimba na kuteleza, mengine yameota ukungu. Hakuna hata punje moja iliyochipua. Cha pili vivyo hivyo, cha tatu, na cha nne. Cha tano kilikuwa na maharage ya kawaida, na yote yalikuwa yametoa vimizizi vyeupe.

"Haya ya mwisho ni ya sokoni," alisema. "Mbegu haitoki ghalani kwangu bila kupimwa. Nazifunga kwenye kitambaa chenye maji, nasubiri zichipue. Za kopo hazikuchipua, nikadhani nimekosea mimi, nikarudia mara nne. Nilificha kwa sababu sikutaka kumtuhumu mtoto kabla sijawa na hakika."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. Akamgeukia Bi Maswali, na sauti yake haikuwa na hasira. "Kopo limeandikwa kivulini. Mwanangu, zilikaukia kivulini?"

Bi Maswali alihisi masikio yakimwaka moto. Angeweza kusema ndiyo, maana jikoni hakuonwa na mtu. Lakini macho yake yalikuwa kwenye vile vitambaa vinne. Aliwaona wageni mia tatu wamepanda, mvua imenyesha, na shambani hakuna kitu. Akamwona bibi na chupa yake moja.

"Hapana," alisema, machozi yakamtoka. "Zilinyeshewa. Nikazikausha jikoni, nikadanganya. Nisamehe, Bwana Kimya. Nilikuita mwizi, kumbe mwenye kosa ni mimi."

"Nyani haoni kundule," mpishi alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

"Kosa la kunyeshewa ningelisamehe siku ileile," mama alisema. "Bibi yako utamweleza mwenyewe. Na hivyo vifuko havitagawiwa."

Bibi alifika Jumapili na chupa yake kifuani. Alimgombeza mjukuu wake vya kutosha kwa kuziua mbegu kwa moto, kisha akampa punje ishirini za kupimwa. Kumi na tisa zilichipua.

Siku ya mkutano, kwenye meza ya shule hapakuwa na vifuko. Palikuwa na vitambaa viwili tu vilivyokunjuliwa, kimoja chenye mbegu zilizochipua na kingine chenye mbegu zilizokufa. Bi Maswali alisimama nyuma ya meza akieleza kila kitu, na jiko na uongo wake pia. Wageni walijaa mezani hapo hadi mkuu wa itifaki akaja kuwasihi warudi ukumbini.

Jioni, viti vilipokuwa vikikusanywa, mama alimshika bega. "Anayepanda hamjui aliyekausha mbegu. Anachokijua ni maandishi juu ya kopo. Ukiandika uongo pale, mtu usiyemjua atalala njaa. Na kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, muulize. Wewe si ndiye Bi Maswali? Swali moja tu lilikushinda."

Bwana Kimya alikuja na kopo jipya lenye mbegu za bibi zilizobaki, za kupandwa msimu ujao. Akampa kalamu. "Andika wewe."

Bi Maswali hakuandika upesi. Alimgeukia bibi yake akauliza, "Bibi, hizi ulizikausha wapi, na siku ngapi?"