Pumzi Chini ya Kiti

Jambo lenyewe lilianza dogo, na dereva alilifurahia. Jioni aliliegesha gari chaji ikiwa karibu kuisha. Asubuhi alipobonyeza kitufe cha kuwasha, vijiti vya chaji kwenye skrini vilikuwa vimejaa hadi juu. Gari la haibridi la aina ile, la mafuta na betri pamoja, halichomekwi ukutani kama simu. Betri yake hujazwa na injini na breki likiwa linatembea, na hili lilikuwa limelala uani chini ya dirisha la chumba cha mtoto, limefunikwa turubai. Dereva alicheka peke yake, akasema kumbe na sisi Mungu anatuona.

Mtu akipata cha bure haulizi kimetoka wapi. Alilinunua gari lile kwa kazi ya teksi, likiwa limeshatumika, na wenzake kijiweni walimwonya: mafuta utayasahau, lakini siku betri ikifa utalia, maana bei ya mpya inatosha kuezeka nyumba. Aliyemuuzia alipunguza bei mwenyewe bila kuombwa, kisha akaipunguza tena. Muuzaji wa namna hiyo ni wa kukimbiwa. Lakini dereva alikuwa ameshakaa kwenye usukani, na aliyeshikwa na tamaa hana masikio.

Walikuwa na binti mmoja. Mama yake ni mshonaji, na mtoto alijifunza kutambaa kwa kufuata vifungo vilivyodondoka chini ya cherehani, basi wakamwita Kifungo na jina likaganda. Kila asubuhi baba yake alimpeleka shule kabla ya kutafuta abiria. Kifungo alikaa nyuma, pembeni, palipo na tundu lenye wavu. Betri iko chini ya kiti hicho, nayo hupata joto, kwa hiyo kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu hilo ili kuipoza. Kifungo alipenda kuweka kiganja hapo na kusikia kinavutwa.

"Baba," alisema siku moja wakiwa kwenye foleni, "gari linapumua."

"Ni feni hiyo, mama."

"Feni inavuta tu. Hii inavuta, halafu inatoa."

Injini ilikuwa imejizima, kama kawaida ya magari hayo yakisimama. Dereva alitega sikio. Kweli, kitu kilivuta hewa taratibu, kikaibana, kikaiachia. Ilipotoka ilileta harufu ya nguo iliyofungiwa sandukuni ikiwa mbichi. Taa ziliporuhusu aliondoka kwa kasi, akaongeza sauti ya redio.

Baada ya hapo Kifungo alianza kunyauka. Alisinzia darasani mpaka mwalimu akatuma ujumbe. Mikono ilibaki mifupa, midomo ikapauka, na ngazi mbili za mlangoni zikawa mlima kwake. Hospitali walimlaza, wakampima damu na kila kinachopimika, wakasema hawaoni ugonjwa. Wakati huo tangi la mafuta alilokuwa akilijaza kila siku mbili lilimtosha dereva wiki nzima. Kijiweni walimwonea wivu.

Mkewe ndiye aliyesema. Alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akanong'ona kana kwamba gari lingemsikia kule uani.

"Mume wangu, siku alizolazwa mtoto, uliniambia betri imeshuka. Aliporudi nyumbani tu, ikajaa. Hujaona?"

Dereva alikuwa ameliona kabla yake. Aliona aibu, kwa kuwa alikuwa amenyamaza na mtoto akaendelea kukaa palepale.

Wakamwita shangazi wa mke, mwanamke mwenye ulimi mkali, aliyezoea kuwasomea watu wenye majini. Hakutaka mbwembwe. Aliuliza mtoto hukaa wapi, akaketi hapohapo, akawaamuru wafunge milango na wasimame mbali. Mchana ulikuwa mweupe na jua kali. Wao wakiwa ukutani, baba amembeba Kifungo na mama ameshika mguu wa mtoto kama atakayenyang'anywa, waliona vioo vikianza kushika ukungu kwa ndani, wakasikia ile pumzi ikivutwa kwa nguvu mpaka turubai lililokunjwa pembeni likatikisika, na sauti ya shangazi ikipanda na kushuka katika kisomo chake bila kukatika, na chini ya sauti hiyo, nyingine ikaifuata, nyembamba, kavu, ikitokea pale kwenye wavu.

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Pumzi."

"Kabla ya hapa ulikuwa wapi?"

"Humuhumu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa na watoto."

"Wako wapi hao watoto?"

Feni tu ndiyo iliyozunguka kwa kasi, kwa muda mrefu, kama mtu anayecheka amefunga mdomo.

"Utatoka?" shangazi aliuliza.

"Makao yangu yakitoka, nitatoka nayo."

Shangazi aliposhuka alikuwa ameloa jasho na hatua zake hazikuwa sawa.

"Amekaa kwenye betri," alisema. "Itolewe nzima, izikwe mbali na watu, isiingie gari lingine hata kipande. Na wewe Kifungo, amelijua jina lako, wanakuita nalo humo kila siku. Ukiitwa, usiitike. Mwone kwanza anayekuita, ndipo useme abee. Umenisikia, bibie?"

"Nimesikia, bibi."

Dereva alilipeleka gari kwa fundi wa betri. Fundi aliitoa, akaifungua, akapima seli zake moja moja, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Bosi, hii unaitoa ya nini? Sijawahi kuona seli nzima hivi."

"Siitaki tu. Niwekee nyingine."

"Nyingine ghali. Ila niachie hii, nakukatia nusu ya bei. Betri haitupwi, zikifa seli za mtu nambadilishia, huyu mbili, yule nne. Ndiyo biashara yetu."

Dereva alifikiria gharama za hospitali. Alifikiria pia maneno ya shangazi, hilo asije akalikana. Kisha akajisemea kwamba jini likigawanywa vipande litakufa, kwa sababu ndilo alilotaka kuamini.

"Chukua," alisema.

Nyumbani shangazi alimuuliza, "Umeizika?"

"Nimeizika, shangazi." Alikuwa anavua viatu, hakuinua uso.

Na Kifungo alipona. Alirudisha mwili, akaanza tena kukimbia na kuwachosha watu kwa maswali. Mama yake alimshonea sare mpya, kwa kuwa ya zamani haikumtosha. Gari likarudi kunywa mafuta kama magari mengine, na dereva akayanunua bila kunung'unika.

Hadi siku ile kijiweni, mwenzake mmoja aliposimulia kwa furaha kwamba fundi amembadilishia seli na gari limekuwa jipya, chaji haishuki. "Tatizo langu dogo tu ni huyu mtoto wangu wa mwisho," akaongeza. "Anasinzia sinzia, hata sijui ana nini." Mwingine akasema ajabu, hata wake.

Dereva aliacha chai mezani. Alimkuta fundi chini ya gari la mtu.

"Zile seli zangu umeweka wapi?"

"Ziliisha siku nyingi. Walizigombania. Wengi wao ni wazazi wa shule ile ya hapo juu."

Alifika shuleni kwa Kifungo watoto wakianza kutoka. Magari yalikuwa yamejipanga kando ya ukuta, injini zimejizima zote, na wazazi wamejiinamia na simu zao. Dereva alipoteremka akaisikia ile pumzi ikianza kwenye gari la kwanza, ikaitikiwa na la pili, ikashuka mstari mzima mpaka ikawa moja, ikavuta, ikabana, na ilipoachia, harufu ya nguo mbichi ikatanda barabara nzima na kwenye kila tundu, chini ya kila kiti, ile sauti nyembamba ikaita, Kifungo, Kifungo, naye Kifungo mwenyewe alikuwa anatoka getini na begi mgongoni, akasimama, akageuza kichwa huku na huku, amefumba mdomo kama alivyofundishwa.

Baba yake aliona mdomo ule umefumba, akaogopa asije akaufungua. Alitaka kumwambia usiitike, kimbia, njoo kwangu. Alipanua mikono na kupaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Kifungo!"

Mtoto aligeuka. Akatazama kwanza, akamwona anayemwita, akatabasamu.

"Abee, baba." Lakini waliokuwa wakimwita walikuwa wengi, na jibu lilikuwa moja.

Feni zote zikanyamaza kwa pamoja. Kifungo aliliweka begi chini taratibu, kama mtoto aliyechoka, akakaa juu yake na kuinamisha kichwa. Na kwenye magari yale yote kando ya ukuta, vijiti vya chaji vikapanda hadi juu.