Kuni za Akuele

Nyie mmezoea kuhadithiwa na watu waliohadithiwa na watu. Mimi sikuhadithiwa. Nilikuwepo! Mimi Latevi, muuza mkaa wa mji wa Glidji, kando ya ziwa, kwa macho yangu haya mawili yanayomwona mbu akimkonyeza mwenzie ng'ambo ya ziwa. Shule nilifika darasa la tano, la sita likanikimbia lenyewe kwa woga. Lakini kwa kuona, bwana, profesa gani atanipata?

Ilikuwa mkesha wa Krismasi, jua linazama. Lile vumbi la jangwani la kila Desemba limetanda, midomo imekauka mpaka ukicheka inapasuka. Miezi miwili hatujaona tone la mvua. Hilo la mvua lisikutoke kichwani. Nimebeba gunia la mkaa, kilo mia mbili. Haya, hamsini. Nampelekea Mama Pacha.

Jina lake la kuzaliwa ni Dede, lakini kwetu ukizaa pacha jina lako linastaafu siku hiyo hiyo. Pacha wake ni Akuele na Akoko, wasichana, wamefanana mpaka mbwa wa nyumbani alikuwa anabweka kwa kuchanganyikiwa. Walipofika miaka mitano, mvua za Juni zile, homa ikaingia. Akuele akaenda msituni kutafuta kuni.

Ndivyo tunavyosema. Lile neno lingine mnalolijua nyie, kwa pacha halitamkwi. Mmoja amekwenda kutafuta kuni, mwenzie amebaki nyumbani, basi. Ukilitamka, yule aliyebaki analisikia na yeye anafuata. Hata mimi hapa, nitieni kisu shingoni, silisemi.

Mama Pacha akachongewa kisanamu cha mti, urefu wa kiganja. Hiyo ni kawaida, mama wengi wanacho. Lakini yeye alizidisha. Asubuhi anakiogesha, anakipaka mafuta, anakichomeka kiunoni kwenye kitenge anaenda nacho sokoni. Pasaka, chakula cha Akoko kinagawanywa sahani mbili. Siku ya uhuru, bendera mbili. Sikukuu ya jiwe takatifu, ile ya kila mwaka, mji mzima tumevaa nyeupe, na kisanamu nacho kina kigauni cheupe. Akoko akikosa akachapwa, kisanamu nacho kinachapwa kidogo, haki sawa. Na tangu Akuele aende msituni, hata ukuni mmoja haukuingia kwake.

"Kuni za nyumba hii ziko njiani," ananiambia kila mara. "Anazo mwanangu. Wewe niletee mkaa, Latevi."

Miaka mitatu namletea. Sikuwa na haraka ya kubishana na mteja.

Basi, nafika. Chumba chao ni kimoja, mlango mmoja una pazia tu, dirisha moja lina nondo, na kitanda kimoja. Akoko amelala kwenye mkeka, kashavaa gauni jipya la sikukuu, la njano lenye maua mekundu. Pembeni yake kisanamu, gauni la kitambaa kile kile. Mama Pacha anakifunga vifungo vidogo kama punje za mtama. Kwenye kigoda amekaa shangazi Kayi, dada wa mume. Mume mwenyewe yuko Gaboni, hela anatuma kwa Kayi, na Kayi maneno anatuma kwa wifi yake.

"Karibu, Latevi," akasema Kayi. "Umekuja kuangalia kijiti kikivalishwa Krismasi?"

"Nimekuja na mkaa tu, shangazi."

"Wifi, nakuuliza. Huyu mtoto wa nyama na damu atakula lini sahani yake mwenyewe? Jana nimemuuliza Akoko anataka zawadi gani. Unajua kanijibu nini? 'Kwanza muulize Akuele.' Mtoto wa miaka minane!"

Mama Pacha anaendelea kufunga. Kifungo kinamteleza.

"Miaka mitatu anatafuta kuni," Kayi akaendelea, na hapo aliteleza, bwana, ulimi hauna breki. "Msitu gani huo? Kuni zimekwisha duniani? Si aseme tu kwamba haji!"

Mama Pacha akainua uso. Sijawahi kuona uso kama ule, na mimi nimeona chui akijifungua.

"Atakuja," akasema. "Tena leo." Akakichukua kile kisanamu, akakisogeza karibu kabisa na mdomo wake, akanong'ona. "Akuele, mwanangu. Kuni zimetosha. Rudi nyumbani."

Weee.

Majirani walikuwa wanapiga ngoma, ngoma ikanyamaza. Watoto walikuwa wanalipua fataki, zikanyamaza. Jogoo wa jirani, mzee Ayi, alikuwa katikati ya kuwika, akaimeza nusu iliyobaki.

Kayi alisimama kigoda kikaanguka. "Umesema nini? Wewe mwanamke, umesema nini? Pacha haitwi kutoka msituni! Kuni haziachwi bila mtu. Mmoja akirudi, mwenzie anakwenda kushika zamu. Hukufundishwa kwenu?"

"Nimechoka, wifi," Mama Pacha akasema. Basi, hilo tu.

Nikaona mimi kazi yangu imekwisha. Nikashusha gunia, nikageukia mlango niondoke zangu...

Ti.

Ti... ti... ti.

Maji yanadondoka. Nje, kwenye vumbi lililokauka miezi miwili.

Halafu harufu. Mti mbichi uliokatwa sasa hivi. Matope. Majani yaliyooza chini ya mvua ya Juni.

Halafu nyayo. Ndogo. Zinaburuta, kama za mtu aliyeelemewa.

Zikasimama pale pale mlangoni.

"Mama..."

Sauti ya mtoto wa miaka mitano. Imechoka, lakini haina hasira hata chembe. Hapo ndipo nywele zangu ziliposimama. Ingekuwa na hasira ningepigana nayo. Nimeshapigana na mamba wawili.

"Mama, nimefika. Nitue."

Chini ya pazia nikaona miguu. Miwili, midogo, ya matope mpaka magotini. Juu, pazia limesukumwa na kuni, mbichi, zinachuruzika, ncha zinakwaruza ukuta wa nje kushoto na kulia kwa mlango. Mzigo mpana kuliko mlango! Haupiti. Hawezi kuingia mpaka mtu amtue. Na sisi hatuwezi kutoka, kwa sababu kutoka ni pale alipo yeye.

Shangazi Kayi alikwenda uvunguni mwa kitanda. Mwili wake ule! Kitanda kiliinuka kama ng'ombe. Mimi? Mimi nilisimama imara kabisa, nyuma ya gunia.

"Mama, shingo inauma."

Mama Pacha akanyanyuka.

"Usimtue!" Kayi ananong'ona kutoka uvunguni. "Wifi, kwa jina la Mungu. Ukimtua anaingia. Akiingia mmoja, mmoja anatoka."

"Mwanangu amesimama na mzigo, mimi nikae?"

"Mwanao yuko mkekani!"

"Na yule pale ni wa nani?"

Ungejibu nini wewe?

Akapiga hatua moja kwenda mlangoni. Na mimi, kwa bahati mbaya yangu, nikamtazama Akoko pale mkekani, usingizini. Gauni la njano. Mikono juu ya tumbo. Miguu...

Miguu ilikuwa na matope.

Matope mabichi, nyayoni tu kwanza. Mama akapiga hatua ya pili, matope yakapanda vifundoni. Nilishuhudia, sikuota. "Mama Pacha," nikasema, sauti imetoka nyembamba kama ya kifaranga, "tazama nyuma."

Akatazama.

Akasimama. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Akirudi nyuma, miguu ya Akoko inakauka, na kule mlangoni mtoto analia taratibu, "Shingo, mama." Akisogea mbele, kilio kinapungua, matope yanapanda. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Ndani ya chumba hewa ikawa nzito kama ya tanuri la mkaa. Nilitaka kupiga kelele, mdomo umejaa harufu ya majani.

Sijui alisimama pale muda gani. Nasikia watu wanasema jua lilikuwa bado halijamaliza kuzama. Mimi naona alisimama mwaka.

Halafu akafungua kitenge cha pili kiunoni. Akakisokota, akakizungusha, kikawa kata ya kubebea mzigo. Akaiweka kichwani. Akafika mlangoni upesi kabla matope hayajapita magoti, akasukuma pazia kwa bega, akapiga magoti.

"Usishushe chini," akamwambia. "Mzigo usiguse ardhi ya nyumba hii. Sogeza kichwa. Leta kwangu... hivyo. Hivyo mwanangu."

Kichwa kwa kichwa. Kama wanavyopokezana wanawake njiani kutoka shambani.

Nikasikia kuni zikilalamika. Nikasikia shingo ya Mama Pacha, *kaa*, kama tawi. Na nikasikia mtoto akishusha pumzi ndefu, ile pumzi ya mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Akacheka. Akuele akacheka kidogo.

Mama alitaka kumkumbatia. Niliona mabega yake yakitaka. Lakini mikono yote miwili iko juu, imeshika mzigo. Akiachia hata mmoja, kuni zinaanguka ndani, na mambo yanarudi pale pale.

"Gauni lako la Krismasi," akasema, machozi yanamwingia mdomoni. "Lichukue. Ukacheze."

Nyayo zile zikaondoka. Haziburuti. Zinarukaruka.

Jogoo wa mzee Ayi akamalizia kuwika kwake.

Nilipopata ujasiri wa kutazama vizuri, kichwani mwa Mama Pacha hapakuwa na kitu. Kata tu ya kitenge. Na mikono yake hewani, imeshika hewa. Mkekani, Akoko miguu mikavu, matope yamebaki utando mwepesi kama vumbi. Kisanamu hakipo. Tulitafuta, mimi na Kayi, mpaka ndani ya gunia la mkaa. Hakipo.

"Ingia ndani, wifi," Kayi akamwambia, analia.

"Siwezi. Haupiti mlangoni."

Haupiti mpaka leo. Anaishi barazani. Fundi ameshaupanua ule mlango mara mbili, gari linaingia, yeye anasema bado ncha zinagonga. Hakai, kwa sababu kukaa lazima mtu amtue kwanza, na nani atathubutu? Anaegemea ukuta, anasinzia hivyo hivyo, shingo imesimama wima kama ya askari. Hospitali walisema ni ugonjwa wa mifupa ya shingo, wakampa vidonge vya njano. Katekista alisema ni huzuni, akampa maji ya baraka. Sawa, wamesoma hao. Ila waniambie, hayo maji yanayomdondoka begani kiangazi chote, ti, ti, ti, ni ya ugonjwa gani?

Kayi ndiye anayemlisha. Hamtanii tena, na mimi nikimtania huyo Kayi kuhusu uvungu wa kitanda, ananirushia mwiko.

Sikukuu zinakuja kama kawaida. Pasaka hii Mama Pacha alikula wali amesimama, sahani moja, na Akoko sahani yake mwenyewe, imejaa. Nilimuuliza kama anaumia.

"Naumia," akasema. "Lakini huko aliko anacheza, Latevi. Kuni ninazo mimi." Halafu akanong'ona, macho kayaelekeza ndani, kwa mtoto. "Tatizo ni kwamba zinaongezeka."

Basi, hadithi yangu ndiyo hiyo, na mngenilipa kama mna adabu.

Ila...

Kuna kitu kimoja nimewadanganya. Sio mamba. Sio chui. Kilo za gunia mlishajua wenyewe.

Nimesema Akoko alikuwa amelala. Usingizi huo niliuweka mimi mwenyewe, kwa sababu napenda kuamini hivyo. Hakulala. Tangu nyayo zile zilipofika mlangoni alikuwa macho, mkekani, hatikisiki, matope yanampanda, anamtazama mama yake. Aliona kata ikisokotwa. Aliona kichwa kwa kichwa. Aliona kila kitu namna kinavyofanyika.

Juzi alikuja bandani kwangu, jua likizama. Hakununua mkaa.

"Mjomba Latevi," akaniuliza. "Ukitaka kumtua mtu mrefu kuliko wewe, unasimama juu ya nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia aende nyumbani, giza linaingia.

Leo asubuhi nafungua banda, kigoda changu hakipo.