Kiti Kilikuwa cha Kaka

Siku hiyo hasira yangu ilianzia jikoni. Nilikuwa naosha vyombo vya chai kama kila Jumamosi, kaka anafagia sebule, na baba amesimama mlangoni na pasi mkononi akitoa amri.

"Utavaa shati hili," alimwambia kaka. "Na leo upate kazi. Ukirudi mikono mitupu, Jumatatu unakwenda kwa baba yako mdogo kulinda ghala lake."

Kaka aliendelea kufagia. Mtaani wanamwita Kimya, na jina limemganda. Tangu amalize shule yuko nyumbani, lakini hakai bure. Kwenye meza ya dirishani anarekebisha miwani ya majirani kwa bisibisi nyembamba kama sindano. Baba, ambaye ni fundi cherehani, huita kazi hiyo michezo. Yeye anataka mwanawe avae tai na akae ofisini. Na kwa baba mdogo ni mbali, safari ya kutwa nzima. Nani angenisaidia hesabu? Nani angenichekesha wakati wa kula? Nilisugua sufuria mpaka mama akaniuliza imenikosea nini.

Mama alikuwa anakwenda kazini, kwa hiyo baba alituchukua sote wawili kwenye maonyesho ya kazi. Yalifanyika katika ukumbi wa shule ya sekondari. Meza zilipangwa kuzunguka kuta: benki, hoteli, kiwanda cha mabati, hospitali. Nyuma ya kila meza alikaa mwajiri. Mbele yake kulikuwa na kiti kimoja tu, cha kijana anayetafuta kazi. Hata mimi wa darasa la sita nililielewa hilo bila kuambiwa.

Baba alifika kwenye meza ya benki, akavuta kile kiti, akaketi. Kaka alisimama nyuma yake ameshika bahasha ya vyeti.

"Kijana, unapenda nini katika kazi ya benki?" bwana wa benki alimuuliza kaka.

"Anapenda sana hesabu," baba akajibu. "Ni mtulivu, hanywi, havuti, hana makundi."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Amekubali," baba akasema.

Yule bwana alitabasamu kidogo. "Asante, mzee. Tutawasiliana." Hakuuliza hata jina la kaka.

Mambo yakawa hivyo hivyo kwenye meza ya hoteli na ya mabati. Baba anaketi, anajibu, anatia chumvi, tunaondoka. Kwenye mabati alidai kwamba kaka ana nguvu za kubeba mizigo siku nzima. Kaka huyu huyu akibeba ndoo ya maji, tunampisha njia kwa huruma! Damu ilinichemka. Nilimkasirikia baba, na nilimkasirikia kaka zaidi kwa kukubali kusemewa kama mtoto mchanga. Nilimvuta shati.

"Sema basi!"

"Ni baba," alininong'oneza. "Nitamkatizaje mbele za watu?"

Meza iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja mwenye karakana ya miwani. Alikuwa ametandaza fremu na vioo juu ya kitambaa cheupe. Kaka alisimama pale kana kwamba miguu yake imegoma.

"Hapa hapana, twende meza ya hospitali," baba alisema. Kaka hakusogea. Baba akashusha pumzi, akavuta kiti, akaketi.

"Karibuni," mama wa miwani alisema akimtazama kaka. "Umewahi kuishika kazi hii?"

"Bado," baba akajibu. "Lakini atajifunza."

Bado! Na ile meza ya dirishani je? Sikuweza kuvumilia tena.

"Baba, hicho kiti si chako!" nilipiga kelele. "Mwache aseme mwenyewe!"

Watu waligeuka. Baba alinikata jicho, nikajua nyumbani nitakiona cha mtema kuni. Machozi yalinilenga, na yalikuwa ya hasira tupu.

"Mzee," mama wa miwani alisema taratibu, "hata mimi ni mzazi, najua unavyohangaika. Lakini vyeti ningeweza kuletewa karakanani. Nimekuja hapa ili nizungumze na vijana wenyewe. Naomba nimsikie yeye."

Baba aliinuka polepole. Kaka akaketi.

"Nilianza na miwani ya bibi yetu," alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa inamdondoka, akawa anaogopa kushuka ngazi. Nikaifungua, nikaiharibu. Nikaifungua tena. Sasa anashuka mwenyewe, na akifika chini ananigombeza kwamba nilichelewa kuitengeneza."

Mama yule alicheka. Kaka naye akapata moyo, akauliza vioo vinakatwa vipi, na kama kuna mafunzo kwa asiye na ujuzi. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mgeni.

"Njoo Jumatatu uanze majaribio," mama wa miwani alimwambia. "Ukifanya vizuri, utabaki."

Njiani baba alitangulia. Tulipofika nyumbani, aliketi kwenye meza ya dirishani.

"Wewe," aliniita. "Umenifedhehesha. Yale maneno ungeniambia pembeni."

"Nisamehe, baba," nilisema, ingawa hasira ilikuwa haijaniisha.

"Lakini yalikuwa kweli." Aliichukua bisibisi, akaigeuzageuza. "Nilidhani kumsemea mtoto ndiko kumsaidia. Pale waajiri wamekuja wenyewe kumtafuta mtu. Anayekwenda na aende na mdomo wake, aseme anachokiweza, aulize asichokijua. Akinyamaza, amekwenda kutembea tu." Akamgeukia kaka. "Na wewe, heshima si kunyamaza. Ungesema, 'Baba, hili niachie.'"

"Ungekasirika sana," kaka alisema.

"Sana," baba alikubali. "Halafu ningekuachia."

Kaka alifanya majaribio, na mpaka leo yuko karakanani. Mwaka uliofuata niliomba kwenda kwenye maonyesho yale, nikaulize tu kuhusu kazi ninazozipenda. Baba alinisindikiza. Kwenye meza ya kwanza nilivuta kiti, nikaketi, naye akasimama nyuma yangu ameshika mkoba wangu.

"Binti, unapenda kazi gani?" mwajiri aliuliza.

Nilimsikia baba akivuta pumzi. Nikageuka, nikamtazama, naye akafunga mdomo.