Mlango wa Kidole Kimoja

Nina miaka arobaini na saba, ni fundi seremala hapa Kamembe, na nimefiwa na mke. Msinipe pole bado. Someni kwanza, huenda mkabadili mawazo...

Kama kuna kitu nakichukia duniani, ni mlango unaoburuza. Nikiingia kwa mtu nikasikia mlango unakwaruza sakafu, hata chai hainishuki!

Mke wangu Zaina alikuwa akipokea wagonjwa katika kliniki moja ya binafsi. Meza yake ilikuwa mbele ya chumba cha radio, ndivyo tunavyokiita hapa chumba cha kupigia picha za kifua na mifupa. Mlango wa chumba hicho ulikuwa mzito, unaburuza, na yeye ndiye aliyewafungulia wagonjwa kutwa nzima. Alirudi nyumbani akilalamika bega.

Mwenye kliniki aliniita nibadilishe bawaba. Bawaba tu! Lakini mimi mjuaji... Nilipasua ubao nikakuta ndani bamba la risasi, ile tunayoiita plomb, laini, zito ajabu. Nikajiuliza linafanya nini humu. Nikajijibu mwenyewe: si chumba cha radio? Basi ni la kuzuia kelele!

Kelele! Mashine yenyewe hata hailii!

Sikumwuliza mtu. Nililitoa, nikaziba kwa mbao nyembamba, na bamba nikampa shemeji yangu, kaka yake Zaina, anayevua samaki kule Nkanka, ili alikatekate awekee nyavu zake uzito. Alifurahi mno. "Shemeji, hii plomb iko muzuri sana! Nyavu itashuka mbio." Jumapili akatuletea sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tukala tukacheka.

Mlango ukawa unafunguka kwa kidole kimoja. Zaina alimwonyesha kila aliyeingia pale kazi ya mume wake, nami nikavimba kichwa.

Ikapita miaka mitano. Siku moja akanionyesha alama nyeusi pajani. Hakujigonga popote. Kisha fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki... Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Tulitibu malaria mara mbili. Nilimlisha mboga za lengalenga nikisema damu imepungua. Akawa anapumzika katikati ya kufagia chumba kimoja!

Tukapelekwa Kigali. Kansa ya damu.

Daktari, aliyejua Kiswahili chetu, alimwuliza kazi yake. Alipotaja chumba cha radio, daktari akauliza kama mlango wake una risasi ndani. Zaina, mgonjwa vile, alicheka. "Hapana, Dokta! Mulango yetu iko nyepesi. Bwana yangu njo aliitengeneza. Naifunguaka na kidole kimoja tu!"

Daktari aliponiita nje, nikamfuata.

Nje ya wodi daktari alinieleza taratibu. Hakuna anayeweza kuapa nini kimeleta ugonjwa ule kwa Zaina, kwani huwapata hata wasiowahi kukaribia mashine. Lakini miale ya mashine ile, mtu akiipata kidogokidogo kila siku kwa miaka, huongeza hatari, na kazi ya risasi mlangoni ni kuizuia. Akaniomba niwaambie wenye kliniki wapime chumba. Nikaitikia ndiyo.

Sikuwapigia simu! Nilikumbatia maneno matatu tu: hakuna anayeweza kuapa... Wiki tatu nilimnywesha uji, nikamfuta jasho, nikanyamaza. Ningemwambiaje?

Asubuhi moja alinishukuru kwa kumtunza. Hapo nikashindwa. Nikalia, nikamwambia yote, plomb, nyavu, simu ambayo sikupiga. Nikamwomba anisamehe.

Akaniita kwa jina la mtoto wetu, kama kawaida yake, akauliza, "Papa Amina, na ule binti mwenye anaikalaka pale sasa? Ulimuambia?"

Aline! Msichana wa Giheke aliyechukua nafasi yake. Sikuwa nimemfikiria hata siku moja.

"Enda kwanza uambie bale batu," Zaina akasema, akageukia ukutani. "Pardon utaiomba ukirudia."

Nikapanda basi saa ileile. Kesho yake nilisimama mbele ya mwenye kliniki nikasema nilichofanya, Aline akinisikiliza mezani kwa Zaina. Chumba kikafungwa siku hiyohiyo. Nikageuza kurudi Kigali.

Nilimkuta Zaina hasemi tena. Nilimshika mkono siku mbili nikiomba msamaha. Tukamzika Kamembe.

Ndugu wasomaji, mnaofanya kazi karibu na mashine hizo, ulizeni kinachowakinga, na msione haya kuuliza mara ya pili! Na wewe fundi mwenzangu, kitu usichojua kazi yake usikitoe. Ukishakosea, sema siku ileile... Kosa langu la kwanza lilikuwa ujinga. La pili nililifanya nikijua, na ndilo linalonitafuna!

Mafundi wengine wameweka mlango mpya pale, wenye risasi ndani. Aline anausukuma kwa bega. Unaburuza, nausikia hata nikiwa barabarani, na sithubutu kuugusa.