Mama Watoto Hajala Wiki Mbili

Fundi miwani aliingia kwenye duka la samaki wa mapambo kwa kusukumwa. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, ukumbi wa soko umejaa, mtu akapita na godoro kichwani, na yeye na gauni lake la njano akajikuta amebanwa kwenye kioo, uso kwa uso na samaki wa buluu aliyemtazama kama mkwe asiyetakiwa.

"Huyo hali watu," sauti ikasema. "Anawatisha tu."

Mwenye duka alikuwa mrefu, mikono imelowa hadi viwiko, miwani imefungwa uzi pembeni. Sokoni walimwita Povu, kwa ajili ya mashine zake za kupulizia hewa majini. Mwanamke aliuona ule uzi kabla hajauona uso. Ndiyo kazi yake.

"Nipe wawili wa buluu na wawili wa njano. Jirani yangu amehama, kaniachia tangi."

"La lita ngapi?"

"Arobaini."

"Basi sikuuzii."

"Kwani hela yangu imechacha?"

"Hela yako nzima, dada. Hawa wanaitwa sikilidi, ukoo mmoja na perege, lakini kiburi wamezaliwa nacho. Kwenye lita arobaini, Jumatatu utakuwa nao wanne, Ijumaa utakuwa na mmoja, tena ameshiba."

"Kazini kwetu wapo wa hivyo, na hawaishi majini."

Povu akacheka, akamvuta hadi tangi la chini. Humo mlikuwa na sikilidi wadogo, urefu wa kidole cha mwisho, rangi ya mchanga, wanaoishi ndani ya makombe ya konokono.

"Mbona hawana urembo?"

"Wana tabia. Mwenye nyumba ndogo achague tabia."

Akamfungia watatu, na makombe manne.

"Samaki watatu, makombe manne?"

"Moja la ziada, siku zote. Atakayekuja asikose pa kuingia."

Nyumbani kwake mlikuwa na viti viwili. Kimoja cha kukalia. Cha pili, tangu mdogo wake aolewe na kuhamia mbali, kilikuwa cha nguo zinazosubiri pasi, na zilisubiri sana. Aliyekaa peke yake anajua: jioni unaisikia friji inapoanza kunguruma, na ikinyamaza unatamani ingurume tena.

Sasa akawa na sababu ya kupiga simu.

"Povu, dume lako limefukia kombe zima mchangani."

"Anapanga nyumba. Muache."

"Na wewe, nani anakupangia?"

Mapovu yakasikika nyuma yake. "Mimi napangiwa na samaki."

Kufikia wiki ya tatu "dada" ilikuwa imepotea njiani, ikaja "Njano". Njano, umekula? Njano, maji umebadilisha robo tu, au umemwaga yote? Hata siku aliyovaa kijivu alikuwa Njano. Povu akaahidi kuja Jumamosi kulitazama tangi, na wote wawili walijua tangi halina shida.

Ijumaa mwanamke akampelekea mkono mpya wa miwani, aliouchonga mwenyewe. Akamkuta amempa mgongo, yuko kwenye simu.

"Siwezi. Mama watoto yuko nyumbani. Hajala wiki mbili, amefunga mdomo, amekonda mpaka anatia huruma. Nimemtengea chumba chake. Hapana bwana, simtoi. Huyo nitazeeka naye."

Fundi miwani alikuwa na macho mazuri. Masikio ndiyo yaliyomponza. Aliweka kile kifurushi juu ya meza akaondoka, na simu ilipoita mara ya tano akapokea kusema neno moja tu: "Usije. Mwenye watu wake akae na watu wake."

Na Povu, asiye na mtu hata wa kumwambia chumvi imezidi, akaelewa kwamba mwenye watu ni yeye mwanamke. Akaweka simu chini taratibu. Wapumbavu wawili, kila mmoja akamkimbia mwenzake kwa ajili ya ndoa isiyokuwepo.

Zikapita siku tisa. Asubuhi ya kumi, akifunga vifungo vya koti lake jeupe la kazini, mwanamke akaona visamaki vichanga mlangoni mwa kombe, vidogo kama nukta, vinatoka na kurudi. Akavihesabu: kumi na moja. Akageuka upesi kumwambia mtu.

Kiti cha pili kikamtazama, na nguo zake.

Akakaa kitandani na koti lake mpaka akachelewa kazini.

Mchana Povu akasimama mbele ya meza ya fundi miwani kama mteja. "Miwani inabana masikio."

"Kaa." Akaishika bila kumtazama, akachukua bisibisi. "Mama watoto hajambo?"

"Afadhali. Juzi amefungua mdomo, anakula."

"Na watoto?"

"Ishirini na wawili."

Bisibisi ikaanguka.

"Alikuwa nao mdomoni wote," Povu akaendelea. "Hawa samaki wa buluu ndivyo wanavyolea. Akila tu, amewameza. Kuna bwana alitaka kumnunua hivyo hivyo, nikamkatalia."

Mwanamke akainama kutafuta bisibisi, akakaa huko chini muda mrefu kuliko bisibisi ilivyohitaji.

"Povu. Mke wako yuko wapi?"

"Mke gani? Na watu wako wewe, hawajambo?"

"Watu gani? Mimi nina friji."

Akamvisha miwani. Vidole vikabaki nyuma ya masikio, na kazi ilikuwa imekwisha zamani.

"Unaona?"

"Naona."

"Nini?"

"Njano," akasema Povu, na koti lilikuwa jeupe.

Jioni ile mwanamke alisimama mbele ya kiti cha pili. Miaka sita. Akazikumbatia nguo zote kwa mkupuo, akazitupa kitandani, akafuta vumbi kwa kiganja. Kiti kilionekana kigeni, kama meno mapya mdomoni. Friji ikanyamaza. Akapiga simu.

"Njoo. Nimetoa nguo kitini."

"Nguo gani?"

"Utaziona. Pasi unajua kupiga?"

"Njano, mimi nikija ni mzito kuondoka."

"Kwani lile kombe la nne ulinipa la nini?"